Wifi Amehama, Mimi Nimebaki na Chaki

Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize maana nimebanwa. Mimi na wifi yangu, mke wa marehemu kaka, tumerekebisha nguo katika jumba kubwa la maduka kwa miaka kumi na tisa, mimi napima na kuchora chaki, yeye anakata na kushona, watu wakatuita Mawifi hata kibao chetu hawakukisoma, na lile jumba, mshauri, lilikuwa linapendeza jamani, Jumamosi watu wanatoka miji ya mbali kuja kupanda tu ngazi za umeme na kushuka, watu wazima wanashikana mikono kwa woga, na sisi tunacheka huku pini tumezibana midomoni.

Sasa nusu ya maduka yamefungwa, taa za korido yetu zimezimwa, na wenye jumba wanasema upande wetu unafungwa mwisho wa mwezi. Wifi akapata chumba ng'ambo ya maegesho, kwenye safu ya maduka ya viatu na vipuri, akaniambia, "Wifi, tuhame mapema, wateja watatufuata." Mimi nikaona anamsahau kaka aliyetufungulia duka, hasira zikanipanda, nikamwambia, "Nenda wewe, duka ni la ukoo wetu, wewe ulikuja kwa kuolewa tu." Alikusanya mikasi yake akaondoka, na hii ni wiki ya tatu.

Aibu nyingine ni hii: mteja analeta suruali, naipima, naichora, naisukuma kushoto alikokuwa akikaa wifi, kisha naendelea na mambo yangu. Juzi mzee mmoja alifuata suruali ya kuvaa kwenye harusi ya binti yake, akaikuta na chaki zake vilevile. Nililia mbele yake. Je, nimfuate wifi, au nibaki hadi wafunge mlango, kwa heshima ya kaka?

Mwenye Chaki

JIBU

Dada yangu wee, pole, lakini pole yangu ni nusu. Nusu nyingine nampa wifi yako.

Majumba hayo nayajua. Viatu vyangu vya kwanza vya kisigino nilinunuliwa humo, nikaanguka navyo mbele ya umati, na mpaka leo napakumbuka kwa mapenzi. Kwa hiyo likumbuke jumba lako, lililie ukitaka. Ila usimsingizie marehemu. Alifungua duka ili mkewe na dada yake wapate riziki, hakukuagiza ulinde kuta. Na alipofariki, huyo unayesema alikuja kwa kuolewa tu angeweza kurudi kwao. Hakurudi. Unadhani alibaki kwa ajili ya nani? Mdomo umekuponza, mama.

Na hizo suruali unazosukuma kushoto zimeshakujibu. Kaka hatarudi, lakini wifi unayemkosa yu hai, yuko ng'ambo ya maegesho.

Kesho asubuhi mwombe radhi yule mzee, kisha funga duka uvuke kwa miguu yako. Usitume ujumbe, usimtume mtu. Litaje lile neno ulilomwambia, useme lilikuwa baya, na usiongeze "lakini." Akinuna, vumilia, ana haki. Akinyamaza, usianze kumsimulia habari za zamani. Muulize tu meza yako iwekwe wapi.