Bwana wa Kanazawa na Nywele za Pua

Alhamisi, Novemba 2015. Buffalo.

Upepo wa ziwa umevuma tangu asubuhi, mvua nayo inakuja upande upande, mwavuli hausaidii kitu. Mimi nina furaha tu. Nimekaa jikoni na soksi mbili mbili miguuni, chai ya tangawizi iko pembeni, na nataka kuandika kabla sijasahau mambo yalivyokwenda.

Mnaonisoma hapa mnajua nina binti mmoja, Riziki, wa miaka kumi na tano. Tulipotoka Uvira, kule Kongo, alikuwa mdogo, kasuku mtupu, Kiswahili hakimwishi mdomoni. Siku hizi nikimuuliza kwa Kiswahili kama amekula, ananijibu kwa Kiingereza, tena neno moja, halafu mlango wa chumba chake unafungwa.

Kiswahili chake anakitoa pale tu anaponitafsiria. Kwa daktari, benki, dukani. Hapo anasogea karibu kabisa, ananishika mkono, ananiambia sikioni, "Mama, anasema hivi."

Donc, acha niseme ukweli.

Kiingereza nakisikia. Tena siyo tangu jana. Nafua mashuka ya hoteli kule Amherst, wenzangu wanapiga domo kutwa nzima, nitakosaje kukisikia? Siku moja kwenye duka la dawa nilielewa kila neno la yule mama wa dirishani, nikafungua mdomo nijibu, na Riziki akaniinamia sikioni. Nikaufunga. Tangu hapo nimejifanya sijui kitu. Mume wangu anaijua siri hii, na hachoki kunitania: "Utakamatwa tu, mama Riziki."

Bon, nimekamatwa. Na aliyenikamatisha ni bwana mmoja wa Japani aliyekufa zamani za kale.

Shuleni Riziki alipewa kazi ya kueleza historia ya Kanazawa, mji mkuu wa mkoa mmoja wa Japani, kwa sababu Kanazawa na Buffalo ni miji dada. Jumanne jioni alikuwa anajizoeza hapa jikoni, mimi natoa vichwa vya ndagala, dagaa wa kwetu, nilizonunua duka moja la Grant Street. Anasoma kipande kwa Kiingereza, mimi nakaza uso, kisha ananitafsiria. Nilifaidi kweli! Akaniambia wanasema jina la mji linatoka kwa mchimba viazi aliyekuwa akiosha viazi vyake kwenye chemchemi, na vumbi la dhahabu linabaki majini. Akaniambia wakulima na watawa walijitawala wenyewe kule karibu miaka mia, bila bwana yeyote. Kisha mabwana wa vita wakauchukua mji, wakajenga ngome, wakatajirika kwa mchele mpaka mtawala mkuu wa nchi akaanza kuwatilia shaka.

Hapo akasoma habari ya bwana wa tatu. Inasemekana yule bwana, ili mtawala asimwone mtu wa hatari, aliacha nywele za pua zikue mpaka zikaning'inia nje, akawa anakaa mbele za wakubwa na uso wa mjinga. Watu wake wakaona haya, wakamletea kioo ajitazame. Akawajibu kwamba nywele hizo ndizo zinazolinda nyumba yao.

Nilicheka. Mama yangu! Nilicheka mpaka ndagala zikamwagika.

Riziki akainua macho polepole.

"Mama. Sijatafsiri bado."

Akakusanya karatasi zake, akaingia chumbani. Nilisimama nje ya mlango wake na mikono inanuka samaki, nikaeleza, nikaeleza tena, mlango haukufunguliwa. Jana akawa ananisemesha Kiingereza tupu, kirefu, cha haraka, na mimi namjibu, ningefanyaje? Jioni tulikwenda dukani kulalamika kuhusu simu yangu inayokatika ovyo. Yeye akabaki mlangoni anachezea yake, mimi nikaongea na kijana wa kaunta mwenyewe. Nilijimudu vizuri, hata punguzo nikapewa. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, maana nilijua nimejiharibia.

Leo jioni wazazi tulialikwa kuwasikiliza watoto, nikaenda shuleni hivyo hivyo. Nilikaa mstari wa pili, koti limelowa. Riziki alipanda mbele na picha zake, mrefu kama baba yake. Akaeleza jinsi mabwana wale, badala ya kujaza ngome silaha, walivyotumia mali yao kwa mafundi: wafinyanzi, waigizaji, watu wa kufua dhahabu mpaka inakuwa nyembamba kuliko karatasi. Akaeleza kwamba ile vita kubwa ya dunia ilipita bila mji kupigwa mabomu, na mitaa ya zamani bado imesimama. Alipoonyesha miti inayofungwa kamba matawi yasivunjwe na theluji, ukumbi mzima uliitikia kwa kichwa. Watu wa Buffalo hawahitaji kuelezwa theluji ni nini.

Akafika kwa bwana wa tatu. Ukumbi ukacheka. Mimi nikainamisha kichwa, nikang'ang'ania mkoba wangu. Nilimwelewa yule bwana kuliko mtu yeyote mle ndani. Watu waliona pua yake, yeye alikuwa anaona nyumba yake.

Riziki akaweka picha zake chini. Kisha akawaambia watu, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba wamsubiri dakika moja, mama yake yuko pale na hasikii Kiingereza.

Mwongo mkubwa!

Akanigeukia, akaanza upya kwa Kiswahili, mbele ya walimu wake na wanafunzi wenzake wote, kwa sauti, siyo sikioni. "Mama, anasema hivi. Kulikuwa na bwana mmoja, aliacha nywele za pua zikue." Midomo inamcheza kwa kuzuia kicheko. Mimi nikakaza uso, nikamsikiliza mpaka mwisho, ndipo nikacheka kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Machozi yalinitoka, na siyo ya kicheko peke yake.

Njiani alinishika mkono, kwa ajili ya barafu, alisema, na barafu yenyewe haijaanza.

Kesho saa tatu nina daktari wa meno. Riziki ameshaniuliza, kwa Kiswahili, kama nitamhitaji.

Nimemwambia ndiyo, mwanangu. Mimi Kiingereza nitakijulia wapi?