Baba Yetu Kafanywa Mbaya Kwenye Filamu

Shangazi mpendwa, nisaidie maana kichwa kinanipasuka: mdogo wangu wa kiume, yule aliyeanza kwa kuchora kuta za mitaani na leo anajulikana kila kona, ametengenezewa filamu ya maisha yake, juzi kanionyesha kabla haijatoka, nikacheka, nikalia, mpaka ikafika sehemu ya baba yetu, fundi rangi, eti anapiga chokaa juu ya michoro ya mwanawe kwa hasira huku akimwita mhuni. Jamani, si kweli! Baba alikuwa akifuta michoro iliyokwisha kuchubuka ili mtoto apate ukuta safi wa kuchora upya, ndoo nilikuwa nashika mimi, na akaniapisha nisiseme, "Akijua nambeba, atalegea." Nilipomwambia mdogo wangu kwamba filamu imemwonea baba, akanishangaa, "Dada, si ndivyo ilivyokuwa?" nikakumbuka kiapo, nikaaga. Na baba kashapiga pasi shati la kuvaa Jumamosi kwenye uzinduzi, majirani wote kawaalika, "Mtaniona kwenye skrini!" Nikinyamaza ataaibika, nikisema nimevunja kiapo. Nifanyeje?

Dada Mtu

Pole sana, mwanangu. Lakini ngoja nikugombeze kidogo: kiapo gani hicho cha kutunza mpaka mzee azomewe? Alitaka mtoto asilegee. Haya, hakulegea, kafika. Siri imemaliza kazi yake.

Mdogo wako hakusema uongo, kasema anachokijua. Miaka yote hiyo ameishi akiamini babake hamtaki, na hilo linaniuma kuliko filamu yenyewe. Usimpigie simu, mfuate. Mweleze nani alipiga chokaa na kwa nini. Akifoka, vumilia. Akilia, mwache alie. Kama filamu inarekebishika, yeye ndiye wa kuwabana walioitengeneza. Kama haiwezekani, aende kwa baba kabla ya Jumamosi, amwambie atakachokiona, amwombe radhi, na ukumbini wakae pamoja. Ikiisha, asimame awaambie ukweli hao hao majirani.

Na wewe baba mtu, najua gazeti hili huwafikia mafundi rangi, hata kama ni la kutandika sakafuni. Mapenzi gani hayo ya kujificha? Mwambie mwanao kwa mdomo wako kwamba unampenda. Hajawahi kukusikia ukisema.