Lori Lililokuja Bila Redio

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Awendo sote tu wazima, na nimeruka kwa furaha kusikia umeagiza gari jipya! Unauliza kama ulikatae, kwa kuwa vifaa vimeadimika kiwandani na litakuja bila redio.

Nilipokuwa msichana, lori jipya la miwa lilikuja hivyo hivyo kwa sababu ya uhaba. Nilipewa lifti hadi Homa Bay. Dereva, kijana mcheshi, akalalamika, "Safari yote hii kimya!"

"Basi nitaimba mimi," nikamwambia.

Niliimba njia nzima, naye akiitikia kwa sauti mbaya ajabu! Tulipofika alizima injini, akaniomba nimalize wimbo kwanza.

Dereva huyo ndiye babu yako. Lichukue, mama!

Nyanya yako