Zarbogh si Misri

Bukhara, 12 Rajabu 1310

Kaka Ashur, salamu nyingi. Mimi mzima, tumbo linanitangulia mlangoni. Miguu ya baba inaendeleaje?

Kazi mliyonituma, ya kuuombea msikiti wetu ruhusa ya sala ya Ijumaa, nimeimaliza. Mwambie baba kwamba Mufti mwenyewe sasa ananijua kwa jina. Alisoma kitabuni kuwa Ijumaa haisaliwi ila katika misri. Nikamwambia, "Basi Zarbogh nzima tuhamie Misri? Ngamia tunao saba tu." Waandishi wakaangua kicheko. Kumbe kwa Kiarabu cha vitabuni misri ni mji tu. Akauliza, "Wanaume wenu wote wakija, msikiti unawatosha?" Nikajibu, "Unawatosha, na punda wao." Mzee mmoja alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

Jibu lina muhuri, linakuja na msafara. Sijalisoma, lakini watu waliocheka vile hawawezi kuninyima kitu.

Mdogo wako, Niyoz

Zarbogh, 3 Shaabani

Niyoz, salamu zimefika. Sisi wazima, baba anatembelea fimbo.

Jibu lilisomwa mbele ya watu wote. Mji ni pale ambapo wanaume hawaenei katika msikiti wao mkubwa. Zarbogh, kwa ushahidi wa Niyoz, wanaenea pamoja na punda. Basi ni kijiji, na Ijumaa hatuna.

Idi iliyopita wewe ulisali nje, kwenye mikeka ya wauza matikiti, kwa kukosa nafasi. Baba alibeba matofali ya msikiti ule miaka tisa, apate kusikia hotuba ya Ijumaa kwao kabla hajafa. Alisema, "Nisomee tena pale pa punda." Akasomewa. Akavaa viatu akatoka.

Rudi kwa Mufti.

Kaka yako, Ashur

Bukhara, 20 Shaabani

Kaka, sijui hata nikusalimu vipi. Nilirudi. Mufti akaniuliza, "Ulisema uongo siku ile, au unausema leo?" Nikasema siku ile. Akasema, "Basi wewe ni shahidi mwongo, neno lako silipokei tena." Safari hii hakucheka mtu.

Mwambie baba ninakuja Idi, nimwangukie miguuni. Mimi nikiona watu wakubwa wanacheka, ulimi unakimbia wenyewe.

Mdogo wako, Niyoz

Zarbogh, 9 Ramadhani

Niyoz, usije. Baba aliondoka jana na msafara. Anasema Ijumaa zake zilizobaki atazisali mjini, huko huko Bukhara. Nikamwuliza, "Utafikia kwa Niyoz?" Akasema, "Niyoz ana wageni wakubwa." Atalala wapi hakuniambia.

Ashur

Bukhara, 20 Mfunguo Mosi

Kaka, Idi njema kwako na watoto, ingawa imekwisha kupita.

Ijumaa tatu nimekaa mlangoni pa Msikiti Mkubwa mpaka atoke mtu wa mwisho. Milango ni mingi, watu wanafurika hadi sokoni, na macho yangu ni mawili. Mara ya mwisho nilimshika mzee bega, nikamwita baba. Akageuka, akaniombea dua, akaenda zake.

Nimejaribu kukumbuka joho lake, nimeshindwa. Niandikie ni la rangi gani.

Mdogo wako, Niyoz