Siku Ulininyima Kiti kwa Meza ya Poka

Kaka yangu Mwangi, huko mahali uko,

Habari za huku Karatina ni mingi, siwezi maliza. Yule jirani yako wa ploti alioa tena, na usiniulize nani aliniambia. Leo mvua imefukuza wateja, nimekaa hapa kwa meza yangu ya nyanya, nikasema wacha nikuandikie ile kitu sikukuambia ukiwa mzima.

Unakumbuka vile ulirudi kutoka Nanyuki, kazi ya kupika kwa ile hoteli imeisha, na kitu umebeba ni karata? Wageni walikuwa wamekufundisha poka. Ukaanzisha mchezo Jumapili tukitoka kanisa, nyuma ya hoteli ya Njoki, na mimi nikakusumbua mpaka ukanifundisha. Miezi tatu tukicheza na maharagwe! Nikikula zako zote unaniambia, "Wairimu, hata ushinde gunia, hiyo ni ya kupika githeri tu."

Siku nilianza kucheza na pesa ulinipa kibeti ya kitambaa. Tukaweka elfu mbili, ukasema nisikae kwa meza na zaidi ya mia moja. "Hiyo ni mbegu yako ya viazi. Unaweza panda yote kwa shamba moja?" Nikasema siwezi, baridi ikichoma nitapanda nini tena? Ukasema, "Basi umemaliza shule. Na ikibaki nusu, unakaa na hamsini."

Lakini mimi na kichwa yangu! Nilishinda Jumapili tatu zikifuatana nikajiona profesa. Halafu zamu yangu ya chama ya kuchangiana ikafika, akina mama wakaniletea elfu thelathini, ya kwenda kununua nyanya Mwea. Ati mimi nikaona hiyo ni bahati inaniita. Nikaifunga kwa leso, nikakuja kukaa meza kubwa, ile ya pesa mingi, na yote.

Ni wewe ulikuwa unagawa karata. Ukaziweka chini.

"Toka kwa hiyo kiti."

"Kwani ni kiti ya mama yako?"

"Mama yangu si ndiye mama yako? Toka."

"Na nikikataa?"

"Tutakaa hivi mpaka Krismasi. Sigawi."

Watu walicheka, Mwangi! Hata Njoki aliacha chapati ikaungua. Nikatoka nikikutukana, nikasema unanionea wivu.

Mama Kevo, ule wa kuuza viazi, akakalia kiti yangu. Ulimwonya pia, akakuambia yeye si dada yako. Mimi nikabaki mlangoni nikichungulia, unanijua. Akapata kingi tatu. Kingi tatu, kaka, ni mara chache sana inapigwa! Akasukuma pesa yote ya biashara yake. Mzee mmoja wa kuuza ng'ombe akafungua karata tano, zote za maua, na hiyo inapiga kingi tatu. Kwisha. Mama Kevo alishika meza na mikono mbili.

Nilikununia mwezi mzima. Wakati huo Mama Kevo alikuwa anachuma kahawa ya watu huko Tetu, na mahali yake sokoni imekaliwa na mtu wa vitunguu. Nikashindwa kunyamaza, nikakuja kukuuliza alikosea wapi.

"Hakukosea," ukasema. "Hata mimi kingi tatu ningeweka. Kosa ni kukuja na kila kitu. Karata nzuri inashindwa pia, na ikishindwa yeye hana ya kurudia."

Nilienda nyumbani nikatoa ile leso, nikalia kama mtoto. Na bado sikukuambia asante. Nilikuletea nyanya, ukasema zimeiva sana.

Sasa ni miaka mbili tangu tukuzike. Bado nacheza, mia moja tu. Watu wa meza kubwa wananiita bibi ya shilingi. Juzi walinibembeleza, "Wairimu, hata leo tu, karata zinakupenda." Nikawaambia zinanipenda lakini hazinioi.

Nimepoteza Jumapili tano zikifuatana, nikiwa na karata nzuri kabisa. Kwa kibeti imebaki elfu moja mia tano. Mwangi, huwezi amini, nalala vizuri. Leo asubuhi lori ya Mwea imeniteremshia kreti sita, na nimezilipia zote.

Mvua imepunguka, kuna mama anafinya nyanya zangu na hanunui. Wacha nimwendee. Lala salama kaka, asante sana.

Dada yako wa kuzaliwa mwisho, ule wa mdomo mrefu