Matundu Matatu ya Mlango Wako

Baba Zuhura,

Nimetoka eda juzi, na habari ya kwanza ninayokuletea ni mbaya. Mlango wako wa wezi umetengenezwa.

Ni mdogo wako Shabani. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani nikiamini garaji imefungwa, kumbe mwenzangu anagonga, anachomelea, anapaka mastiki ya kuziba matundu. Siku niliyotoka alinishika mkono akanipeleka mpaka ukutani. Mlango unang'aa kama sahani za Idi, hauna tundu hata moja. "Shemeji, kaka aliacha kazi nusu," akaniambia, "mi nimeimaliza." Machozi ya furaha yalikuwa yanamtoka. Nilitamani kumpiga. Nikashukuru, nikaenda kulia jikoni.

Unajua nililia nini. Ulipokuwa hoi kitandani hukuniusia nyumba wala vyombo. "Mama Zuhura, mulango yangu musiiguse." Nami nikakuahidi.

Nakumbuka ulivyoupata. Wezi walikuwa wamevunja benki huko Rohero mchana kweupe, mji mzima hauna hadithi nyingine, na gari waliloliiba la kukimbilia likaletwa garajini kwako na mwenyewe, mlango una matundu matatu ya risasi za polisi. Mwenyewe akataka mlango mpya. Ule wa zamani ukautundika ukutani, ukajipa cheo cha msimulizi. Jumapili watu walitoka hata Mutanga Nord kuja kutia vidole. Na wewe, risasi ya pili kila mwaka ulizidi kuisogeza karibu na sikio la dereva! Yule mwenye duka wa Rohero, aliyekuwa na kofia anayodai ni ya dereva huyo, alikuja mara ngapi kuutaka mlango ukae kando ya kofia yake? "Wezi walivaa soksi mu kichwa," ukamwambia. "Hiyo kofia ni ya babu yako." Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Halafu vita. Kila mtaa ukapata matundu yake, kwenye milango ambayo watu walikuwa wamelala nyuma yake. Nani angesimama kushangaa matatu? Jumapili ukawa unaupangusa peke yako. "Siku watu watarudi kushangaa mulango yangu," ulikuwa ukisema, "ujue vita imeisha." Nami nikakutania kwamba mabati yamekuharibu akili. Nisamehe, mume wangu.

Sasa sikiliza. Jana Jumapili amekuja yule karani mrefu wa Mutanga Nord, aliyekuwa akija na baiskeli. Kichwa chote mvi. Sikuwa nimemwona tangu vita ianze. Ameshika watoto wawili. "Mama, ile mulango ya wezi ingaliko? Nimeleta hawa bajukuu waone."

Wamerudi, Baba Zuhura, na mimi sina cha kuwaonyesha! Nikaanza kueleza kwamba matundu yamezibwa. Shabani alikuwa amesimama hapo. Alinitazama, akautazama mlango, na nadhani ndipo alipoelewa alichokifanya. Akautoa mlango kwenye misumari, akaugeuza.

Mlango wa gari una mabati mawili, na la upande wa ndani hakuligusa. Alisema nani apoteze rangi kwa upande unaotazama ukuta. Matundu yote matatu yapo, makubwa kuliko yale ya nje, kingo zimechanika vilevile kama siku ile.

Mtoto mdogo akatia kidole, akaacha mdomo wazi. Babu yake akacheka peke yake. Hadithi nimeisimulia mimi, na risasi ya pili imempitia dereva kwenye ndevu.

Mlango utabaki umegeuka hivyo. Mastiki nimemficha Shabani. Kila Jumapili nitafungua garaji na nitasimulia mpaka sauti inikauke, hilo nakuahidi, na safari hii nitalisimamia mwenyewe.

Pumzika, Baba Zuhura. Sisemi vita imeisha, milimani bado tunasikia mlio wa risasi. Lakini jana watu watatu wameshangaa.

Mama Zuhura