Manyoya ya Bijou

Jumatatu, 6 Julai 1964

Nimemchana Bijou tena. Brashi imejaa manyoya meupe, yangetosha kujaza mto wa kulalia. Ugali hajaugusa. Wiki ya pili sasa tangu Madame, niliyekuwa namfulia nguo kule Rohero, mtaa wa Wazungu, arudi kwao Ubelgiji. Kazi imeondoka naye, mbwa amebaki kwangu. Anakaa mlangoni, uso barabarani, mgongo kwetu. Ule mkia uliokuwa umejikunja juu ya mgongo sasa unaburuta vumbi. Anamngoja. Namwelewa, na inaniudhi kwamba namwelewa.

Alhamisi, 9 Julai

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta mbwa mwingine. Baba Furaha, mume wangu, kinyozi pale mtaa wa Asiatique, amemnyoa! Mwili mzima. Kimebaki kichwa tu, kama cha simba mgonjwa. Eti kamwonea huruma: "Mi niko kinyozi. Mutu akisikia joto, unamupunguzia nywele." Nimekasirika mpaka nikaunguza maharagwe. Madame alinifundisha kumchana kila siku, kumpa maji mengi, kutomfokea kwa sababu mbwa wa aina hii hununa. Kutomnyoa hakusema. Nani angewaza?

Jumamosi, 11 Julai

Jua limemchoma. Ngozi nyekundu. Kumbe yale manyoya ndiyo yalikuwa kivuli chake. Yuko chini ya kitanda, hatoki. Maji kidogo tu, chakula hataki. Akifa nitalia, na majirani watashangaa: mtu amekimbia vita, ameacha nyumba nzima Uvira, analilia mbwa. Naogopa.

Jumapili, 12 Julai

Mama Zaina wa jirani ni Mwislamu, mbwa hamgusi. Lakini ameleta mawese kwenye kifuniko, akayasukuma hadi mlangoni kwa mpini wa ufagio. "Umupake. Apana kumuacha hivi." Nimempaka. Bijou sasa ana rangi ya chungwa. Mtaa mzima umekuja kuangalia. Nimecheka. Mara ya kwanza tangu tuvuke mpaka.

Jumanne, 14 Julai

Baba Furaha hajui kuomba radhi. Amekuja na ndagala wabichi, samaki wadogo wa ziwani, kutoka ufukwe wa Kajaga, nikawakaanga. Akakaa sakafuni karibu na kitanda. Anakula mmoja, anaweka mmoja chini. Bijou akatoa pua, halafu miguu. Wa mwisho amemla mkononi mwake. Nimeenda jikoni kulia.

Jumatano, 5 Agosti

Manyoya yanaota! Mafupi, laini, ya kifaranga. Leo amembwekea mwenye nyumba mpaka akarudi getini. Nimemkemea kwa sauti ndogo sana.

Jumapili, 30 Agosti

Jioni nimetwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Vumbi limepungua, milima ya Uvira inaonekana ng'ambo ya ziwa. Nimeitazama kidogo, nikaendelea kutwanga. Gari limepita polepole, mama mmoja Mzungu ndani. Bijou ameinua sikio moja, basi. Amelala kizingitini. Mkia uko juu ya mgongo, na uso ameuelekeza kwetu.